Nilikesha siku mbili kwa sababu ya neno "table": uzi wa nahau za Kiingereza

Karani wa Umoja (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, hamjambo. Uzi huu nimekaa nao moyoni tangu mwezi jana. Leo mvua imenifungia nyumbani, basi wacha niandike.

Mimi hufanya kazi za mtandaoni: kunakili mahojiano, kuhariri ripoti, kupanga mahesabu ya wateja walio ng'ambo. Mmoja wao yuko Marekani. Tulikuwa tunaandaa ripoti ya sehemu nne, akaniandikia: "Let's table section two." Mimi nimezaliwa na kukulia Nairobi. Tangu utotoni nasikia kwenye taarifa ya habari kwamba mbunge fulani "ametebo" ripoti, yaani ameiwasilisha bungeni, ameiweka mezani ijadiliwe. Nikaelewa kwamba sehemu ya pili ndiyo inayotakiwa upesi. Nikaziacha zile nyingine, nikakesha siku mbili, stima ikipotea natumia tochi ya simu, nikaimaliza na kuituma. Jibu lake: mbona umefanya sehemu niliyosema tuiache, na zile tatu ziko wapi?

Kumbe kwa Mmarekani "to table" ni kuliweka jambo kando, kuliahirisha. Kwa Mwingereza ni kinyume chake: kulileta mbele ya kikao. Sisi tulirithi bunge la Waingereza na msamiati wake. Baadaye nilikuja kujua kwamba neno hilihili liliwagonganisha wakubwa wa vita. Winston Churchill, katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia, anasimulia jinsi maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana kwa muda mrefu, hawa wakitaka hati "iwe tabled" na wale wakikataa, mpaka walipogundua kwamba pande zote mbili zilitaka kitu kimoja.

Kazi ya siku zile mbili sikulipwa. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilihisi sentensi ile haijakaa sawa, nikanyamaza. Niliona haya kuuliza. Shuleni kwetu aliyeuliza maana ya neno la Kiingereza alichekwa, na aliyenaswa akiongea Kiswahili au lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni hadi jioni. Tukakua tukijua kwamba kutoelewa Kiingereza ni aibu, na aibu hufichwa. Naomba hapa tufanye kinyume. Leta nahau yoyote iliyowahi kukukwaza, hata uione ndogo namna gani.

Naanza na ninaloliamini. Nahau si mazingaombwe, na sisi tunazo tele. Mtu akikwambia jirani "amepigwa kalamu", huendi hospitali kumtazama. Unajua amefutwa kazi, na ukifikiri unaona jina lake likipigwa mstari kwenye orodha. Mgeni asiyeijua orodha hiyo ataitafuta kalamu na jeraha. Na sisi ndivyo tulivyo mbele ya nahau ya Kiingereza: tunayaona maneno, hatuioni kazi waliyokuwa wakiifanya watu walioanza kuyasema. Ukishaijua kazi ile, maneno yanafunguka yenyewe.

Chukua "deadline", ambalo sote tunaogopeshwa nalo kila wiki. Linatokana na magereza ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1864, katika kambi ya Andersonville huko Georgia, ndani ya ukuta wa magogo kulikuwa na uzio mdogo wa mbao. Mfungwa aliyeugusa au kuuvuka alipigwa risasi na mlinzi kutoka juu. Huo ndio mstari wa kifo. Wafungwa karibu 45,000 walipita katika kambi ile na takriban 13,000 walifia mle, wengi kwa njaa na maradhi. Baadaye waandishi wa magazeti wakalichukua neno kwa ajili ya saa ambayo habari ikiipita haichapwi tena. Magazeti yetu husema "makataa", na neno hilo nalipenda kwa sababu ndani yake mnasikika kukata.

Mkaazi wa Pipeline

Asante kwa uzi, ndugu Karani. Langu ni "kick the bucket". Mwalimu alituambia maana yake ni kufa, akaishia hapo. Ndoo imeingiaje kwenye kifo?

Mwalimu wa Kayole

Nahau hiyo imo katika kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, iliyochapishwa mwaka 1785, kwa hiyo ina zaidi ya miaka mia mbili. Kuhusu chanzo kuna maelezo zaidi ya moja. Linalonishawishi mimi ni kwamba katika baadhi ya sehemu za Uingereza "bucket" lilikuwa pia jina la boriti ya kutundikia nguruwe aliyechinjwa, miguu juu, naye akirusha mateke ya mwisho aliigonga. Ndoo ya maji haimo kabisa.

Lakini kuna jambo ambalo huwaonyesha wanafunzi wangu na naona lina faida kuliko hadithi ya nguruwe. Nahau haipendi kupanguliwa. Ukisema kwa Kiingereza kwamba ndoo "ilipigwa teke" na mzee, kifo kimetoweka. Imebaki ndoo imepinduka sakafuni na maji yamemwagika. Kwetu ni vivyo hivyo. "Mzee amekata kamba" ni msiba, watu wanaanza kuchanga. "Kamba imekatwa na mzee" ni mbuzi ametoroka. Wanafunzi wakiliona hilo katika lugha yao, la Kiingereza huwaingia bila kukaririshwa.

Na tafadhali, hii ni lugha ya kijiweni. Usiiandike kwenye barua ya rambirambi.

Mpwani South B

Mimi mtu wa Mombasa, nimeolewa huku Nairobi miaka mingi. Nataka tuzungumze chumvi, maana chumvi ilinitia matatani.

Bosi wangu wa zamani, Mwingereza, tulikuwa tunasoma naye maelezo ya muuzaji fulani, akaniambia tuyachukue "with a pinch of salt". Kwetu kutia chumvi ni kuongeza maneno yasiyokuwamo. Nikadhani ananiambia tuyakoleze tunapoyaandika upya, nikayakoleza kwelikweli. Yeye alimaanisha tusiyaamini yote.

Nimekaa nikalifikiria. Kwetu mwenye chumvi ni msemaji: yeye ndiye aliyeizidisha kwenye chungu. Kwa Waingereza chumvi anayo msikilizaji: chakula kimeletwa hakimezeki, anachukua punje yake ili kipite kooni. Chumvi ile ile, mikono tofauti. Tena sisi tunasema fulani "amekula chumvi nyingi", na hapo hakuna uongo wowote, ni umri na heshima. Wao wana "worth his salt", mtu anayestahili mshahara wake. Kisha tunakutana wote kwenye Mathayo 5:13, "chumvi ya dunia", ambayo hata mimi Muislamu naisikia majirani wakiitumia, na kila mtu anaielewa kwa namna moja.

Kwa hivyo usitafsiri chumvi kwa chumvi. Tazama ni nani aliyeishika.

Karani wa Umoja

Dada Mpwani, hilo la mkono ulioshika chumvi sijawahi kulisikia popote. Nimelinakili kwenye daftari langu.

Umenikumbusha mtama. Waingereza husema "spill the beans" kwa kutoboa siri: maharagwe yamemwagika. Sisi tunasema usimwage mtama penye kuku wengi. Yetu naiona nzito zaidi, kwa sababu ina kuku ndani yake. Maharagwe yakimwagika utainama uyaokote. Mtama ukishadonolewa haurudi.

Mkaazi wa Pipeline

Na "scapegoat"? Mzee wa kanisa letu husema "mbuzi wa kafara". Ndiyo hiyo?

Mwalimu wa Kayole

Karibu, lakini mbuzi amebadilishwa. Fungua Walawi 16. Kuna mbuzi wawili, wanapigiwa kura. Mmoja ni wa Bwana, anachinjwa. Wa pili ni wa Azazeli: kuhani anaweka mikono juu ya kichwa chake, anaungama maovu ya watu wote, kisha mbuzi anapelekwa jangwani akiwa hai, amebeba mzigo usio wake. William Tyndale alipokuwa akivitafsiri vitabu vya Musa kwa Kiingereza, akavichapisha mwaka 1530, alimwita huyu wa pili "scapegoat", yaani mbuzi aliyetoroka, aliyeachiliwa.

Kwa hiyo mbuzi wa kafara, ukifuata maneno, ni yule mwenzake aliyechinjwa. Kiswahili kimeshazoea na sitamsahihisha mzee wako mbele ya watu. Ila ukimtazama mfanyakazi aliyebebeshwa makosa ya ofisi nzima kisha akatolewa nje ya lango akiwa hai, na boksi la vitu vyake mkononi, utaona kwamba wa jangwani ndiye anayefanana naye.

Nyingi za aina hii sisi tunazo tayari kupitia Biblia. "The writing on the wall", dalili ya anguko linalokuja, ni karamu ya Belshaza katika Danieli 5. "Wash your hands of it", kujitoa lawamani, ni Pilato. Aliyelelewa kanisani ana nahau nyingi za Kiingereza mkononi bila kujijua.

Mpenda Kriketi

Salamu kutoka Ngara. Mnataja Biblia na jikoni, lakini kriketi hamjaigusa, na Mwingereza haongei dakika kumi bila kriketi kupenya.

"Hit for six": mpira umepigwa ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, mpigaji anapata mizunguko sita kwa mkupuo. Ndiyo maana mtu aliyeshtushwa na habari mbaya husema imempiga "for six": yeye ndiye mpira. "Sticky wicket": uwanja umenyeshewa, unakauka nusunusu, mpira ukidunda hujui utaruka upande gani. Mtu aliye katika hali ngumu isiyotabirika yuko hapo. "Off your own bat": umefanya jambo kwa hiari yako, hukutumwa.

Wengi huniambia huo ni mchezo wa wageni. Februari 2003 nilikuwa pale Gymkhana tulipoifunga Sri Lanka kwa mizunguko 53, Collins Obuya akawatoa wapigaji watano. Tukaenda hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia, tukatolewa na India kule Durban. Siku ile Nairobi watu wasiowahi kuushika mpira wa kriketi waliuliza "wicket" ni nini, na wakaelewa, kwa sababu mchezo ulikuwa mbele ya macho yao. Karani amesema kweli: ione kazi kwanza.

Karani wa Umoja

Naongeza neno moja kwa wenzangu wa kazi za mtandaoni. Mmarekani naye ana beziboli. "Touch base" ni kuwasiliana kwa ufupi. "Ballpark figure" ni makadirio, hahitaji senti za mwisho. Usikeshe ukitafuta tarakimu kamili. "Step up to the plate" ni kujitokeza kubeba jukumu.

Lakini zinazotuumiza kweli ni zile zisizo na picha ndani, zile zinazofanana na maneno ya kawaida. Mwingereza akikwambia kazi yako ni "quite good", mara nyingi anasema ni nzuri kiasi, pana kitu kimepungua. Mmarekani akisema hivyo hivyo, anakusifu. Na ile barua ambayo nusu ya vijana wa Nairobi wanayo, "we will keep your CV on file". Rafiki yangu alingoja simu miezi minne kwa sababu ya sentensi hiyo. Aliiamini kama ilivyoandikwa, na sioni kosa lake. Ile ni njia ya upole ya kufunga mlango. Ukiipata, endelea kutuma maombi kwingine siku hiyohiyo.

Mkaazi wa Pipeline

Miezi minne! Mimi ninayo moja ya mwaka jana. Nimeelewa sasa. Asante kwa kusema waziwazi.

Binti wa Donholm

Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba za wageni huko Kilimani. Langu liko upande wa pili: Kiingereza changu ndicho kiliwakwaza wageni. Mgeni alijikwaa kwenye ngazi, nikasema "Sorry!" Akaniangalia, akasema "It's not your fault." Nikahisi nimekosea lakini sikujua wapi. Kisha mara nyingi naondoka mezani nikisema "I'm coming", nao wanabaki wakinitazama nikitoka.

Mpwani South B

Mwanangu, hujakosa adabu hata kidogo. Ulisema "pole" kwa nguo za Kiingereza. "Pole" haiulizi nani mkosaji. Ni kumshika mwenzio mkono katika taabu yake, ajikwae, afanye kazi nzito, au atoke safari ndefu. "Sorry" aghalabu hukiri kosa, ndiyo maana mgeni alikutetea. Na "I'm coming" ni "nakuja" yetu, ambayo kwetu ni ahadi ya kurudi. Kwao anayekuja anasogea, haendi. Sema "I'll be right back".

Mwalimu wa Kayole

Naunga mkono. Na dada asijione mjinga: hebu mfikirie Mwingereza anayejifunza kwetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga hodi, tunapiga deki, na hakuna aliyeumia. Yeye anakaa na "kupiga" kama sisi tunavyokaa na "get" na "turn". "Turn up" ni kufika, "turn down" ni kukataa, "turn in" ni kwenda kulala. Kineno kile kidogo kinachofuata kitenzi ndicho kilichobeba maana, na kukariri orodha hakusaidii sana. Waambie wanao wazijifunze ndani ya sentensi, mojamoja, kama walivyojifunza "kupiga deki" huku wameshika tambara.

Binti wa Donholm

Asanteni sana. Basi naomba msaada wa haraka, maana hili ni la leo. Meneja wetu ni Mwingereza, amefiwa na babake aliyekuwa na miaka 91. Kwenye kundi la kazini wenzake wa huko wameandika "he had a good innings". Nami niandike hivyo? Sitaki kuonekana sijali.

Mpenda Kriketi

Hiyo ni kriketi tena. "Innings" ni zamu ya mpigaji kukaa uwanjani na gongo lake. Aliyekaa muda mrefu bila kutolewa, akakusanya mizunguko mingi, amekuwa na "good innings". Maana yake mzee ameishi miaka mingi na ameishi vizuri. Ni maneno ya heshima kwao.

Mpwani South B

Ndiyo "amekula chumvi nyingi" hiyo. Lakini angalia ni nani anayeisema. Msibani, mwenye kufiwa mwenyewe anaweza kusema, "mzee wetu alikula chumvi, tunashukuru." Jirani akiingia na neno hilo mlangoni, kabla hata ya kuketi, ni kama anamwambia asilie. Miaka 91 ni mingi kwa wengine. Kwa mtoto wake ni baba.

Karani wa Umoja

Nami naona hivyo. Wale wenzake wamekua na maneno hayo, wanajua yanaingia wapi. Wewe andika sentensi nyepesi: "I am so sorry for your loss." Na hapa "sorry" inafanya kazi ya "pole" yako barabara. Hakuna atakayekwambia si kosa lako.

Binti wa Donholm

Nimeituma, nikaongeza chini yake "Pole sana" kwa Kiswahili.

Amejibu sasa hivi. Amesema "pole" ameisikia tangu afike Nairobi, na alikuwa akidhani ni kuomba msamaha. Anauliza mtu akiambiwa "pole" anajibu nini. Nimemwambia "asante" inatosha. Ni sawa?

Mpwani South B

Ni sawa, mwanangu. Kwetu pwani tunajibu pia "nishapoa". Lakini hiyo usimpe leo. Mpe baada ya mazishi, akianza kutoka nje.